Unaenda kulala Saadani? Angalia mwezi kwanza, nyama baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita nilisoma hapa hapa barua ya msomaji mmoja, kalalamika kweli kweli, ati alilipia siku mbili kwenye kibanda cha ufukweni ndani ya hifadhi (hakutaja ipi na mimi sina haja ya kujua), kafika hakuna duka, hakuna TV, mtandao wa kuvizia, hakuna hata chipsi, usiku kuna vitu vinatembea nje, akaona kaibiwa hela yake. Nilicheka mpaka mume wangu akatoka chumbani kuuliza kulikoni. Alafu nikaacha kucheka maana nilikumbuka safari yetu ya kwanza Saadani, tulifanya yaleyale, tena mabaya zaidi, na mimi sio mtu wa bara wa kusema sikujua, mimi ni mtoto wa mvuvi, nimezaliwa Tongoni na kukulia kwenye harufu ya samaki.

Kwa asiyepajua, Saadani ni hifadhi ya taifa toka 2005, zamani lilikuwa pori la akiba, na ndio hifadhi ya wanyama ambayo imegusana na Bahari ya Hindi, yaani unakaa kibarazani mbele yako bahari, nyuma yako twiga. Kusini kuna mto Wami unamwaga maji yake baharini, kaskazini kuna Mkwaja na fukwe ya Madete ambako kasa wanapanda kutaga. Kijiji cha Saadani kipo na watu wake na msikiti wao na madau yao. Sasa mtu wa Tanga au Dar akisikia "ufukweni" kichwani kwake inakuja picha ya Raskazone jumapili, muziki, mishkaki, mhudumu anapita na menyu. Hapana jamani. Kile kibanda ni cha kujihudumia mwenyewe. Ulichobeba ndicho unacho.

Sisi tulikuwa sita, mimi, mume wangu, shemeji ambaye ndiye dereva, mama mkwe na watoto wawili. Maandalizi yetu tuliyafanya kama tunaenda harusini. Kilo tano za nyama kwenye boksi la barafu, kreti mbili za soda, spika ya kuchaji, mikeka, machungwa ya Muheza kiroba kizima maana ilikuwa msimu, mama mkwe kabeba na vitumbua. Maji ya kunywa? Katoni tatu za chupa ndogo. Tuliondoka ijumaa, tukavuka Pangani kwa pantoni, tukashika njia ya Bweni na Mkwaja, vumbi na mashimo, tukafika jua linakaribia kuzama. Jumamosi mchana maji yameisha. Shemeji akaenda kijijini, akakuta kiduka kina katoni mbili, akanunua zote mbili akarudi anacheka kama kashinda bahati nasibu, mimi nikajiuliza waliobaki kijijini siku hiyo wakitaka maji ya chupa watanunua wapi. Aibu ile mpaka leo ninayo. Saivi hesabu yangu ni rahisi, lita nne kwa kichwa kwa siku, za kunywa na kupikia tu, sio za kuogea, kwahiyo watu sita siku tatu ni lita 72, ni madumu manne ya lita 20, unayafunga nyuma ya gari na kamba kabla hujaweka kitu kingine chochote, spika ikikosa nafasi ibaki nyumbani na afadhali ibaki.

Nyama iliharibika. Barafu gani ya kuhimili joto lile na mfuniko wa boksi unafunguliwa kila mtoto akitaka soda. Na kichekesho ni kwamba tuko Saadani, mahali panaposifika kwa kamba wa baharini! Mwambao wote huu unajua kamba wa Saadani, sisi tumebeba nyama ya ng'ombe kutoka Tanga ije kuoza mbele ya wavuvi. Beba mchele, unga, nazi, vitunguu, ndimu, mafuta, chumvi, kitoweo ukanunue kwa wenyeji wakishusha, na wao wapate riziki. Beba na mtungi mdogo wa gesi ule wa kilo 6 na jiko lake, kwasababu kuni hifadhini haziokotwi, ni kosa, na shemeji alikuwa ameshainama anaokota askari akamwita kwa upole, "Kaka, hiyo rudisha ilipokuwa." Upole wake ndio ulituponya.

Machungwa nayo. Wallahi machungwa yale hatukula hata kumi. Tumeyaacha kibarazani kwenye kiroba, tumeingia ndani kuswali, tunatoka tunakuta ngedere wawili wako juu ya paa wanamenya kwa ustadi mkubwa kuliko watoto wangu, maganda wanatudondoshea sisi. Mmoja alikuwa anaonja, akiona chungwa kali analitupa anachukua lingine. Kwahiyo chakula kifungiwe ndani, kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Taka pia usiache nje usiku, na usizichimbie, zirudi na wewe mjini, na ubebe kiroba kigumu cha kuwekea maana mifuko ile ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku toka Juni 2019.

Usiku wa ijumaa ndio tuliumbuka. Taa ni za sola, saa tatu zimeanza kufifia, tochi tunayo moja na betri zake za mwaka juzi, simu zote chaji imeishia kwenye kupiga picha njiani. Basi kukaanza sauti nje kwenye mti, kama mtoto mchanga analia, analia haswa, ananyamaza, anaanza tena. Mama mkwe akakaa kitako kitandani akaanza Ayatul Kursiyu kwa sauti ya juu. Watoto wakahamia kitandani kwetu. Asubuhi tunamuuliza askari, anacheka, "Huyo komba tu mama, mbona hata Tanga mjini kwenye minazi wapo." Na kweli wapo, ila Tanga mjini kuna kelele za pikipiki huwezi kumsikia. Tochi kila mtu na yake, betri mpya, na pawabanki iliyojaa, hilo msijadiliane. Na ukiwa ufukweni usiku, hasa upande wa Madete, tochi izime au uifunge kitambaa chekundu, kasa jike akiona mwanga anageuza anarudi baharini na mayai yake, na vitoto vikitoka kwenye mchanga vinafuata mwanga, vinatakiwa vifuate weupe wa bahari sio weupe wa tochi yako.

Nguo. Hapa ntamtaja shemeji kwa faida ya umma, mwenyewe nimemuomba ruhusa. Alivaa jinzi mpya ya bluu iliyokoza na fulana nyeusi, anataka apendeze kwenye picha. Mbung'o, wale nzi wanaouma, wanapenda bluu na nyeusi kuliko unavyopenda pilau, mitego yao yenyewe inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Tumepita maeneo ya kule Mkwaja kwenye kichaka na vioo viko wazi, sisi wengine wamoja wawili, yeye walimvamia mpaka akasimamisha gari. Dawa ya mbu ya kupaka haiwasumbui sana hao. Vaa kaki, vaa rangi ya vumbi, mikono mirefu, funga vioo ukiingia vichakani. Pale Mkwaja kulikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe toka miaka ya hamsini, ikafungwa 2000 eneo likaingia hifadhini, na miaka yote ile ng'ombe walikuwa wanachomwa dawa kwa ajili ya ugonjwa wa nagana unaoletwa na mbung'o hao hao. Sasa kama ng'ombe walishindwa, jinzi yako itafanya nini.

Lakini Mhariri yote hayo ni madogo, ya maji na nyama na ngedere mtu anajifunza safari moja anaacha. Kilichonifanya nikae niandike ni hili la bahari yenyewe.

Ile ijumaa jioni tulipofika, tumeketi kibarazani, mwezi ukachomoza baharini. Mwekundu, mkubwa, kama sinia la shaba, umekaribia kutimia kabisa. Watoto wamepiga kelele, sisi tumepiga picha arobaini. Mama mkwe akasema mashaallah. Nikauangalia mwezi ule kama mtu anavyoangalia taa ya barabarani. Jumamosi asubuhi baada ya chai yule wangu mdogo akatoka nje akarudi mbio, "Mama, bahari imeenda wapi?" Nikatoka, kweli bahari haipo, iko kule mbali mstari mweupe, huku kote ni tope na mchanga wa mawimbi-mawimbi na kaa wanakimbia. Nikamwambia imekupwa mwanangu, itarudi. Nikarudi ndani kuosha vikombe! Yaani mwezi umenionyesha, bahari imenionyesha, na bado jumamosi hiyo hiyo jioni tukakaa na nahodha mmoja mtu mzima wa pale kijijini kupanga boti ya kwenda mlangoni mwa Wami kuona viboko na mamba na ndege, tukamuachia kila kitu mume wangu, mume wangu katokea Korogwe, mbali na bahari, akasema twende kesho saa tatu asubuhi tukimaliza chai, mchana tuondoke tuwahi Pangani, jumatatu watoto shule. Mzee yule alimwangalia kidogo, kauliza, "Saa tatu?" Mume wangu, "Saa tatu mzee, tusichelewe." Mzee akasema haya.

Jumapili saa tatu na robo tuko ufukweni, kofia, maji, watoto wamepakwa mafuta, askari wa kutusindikiza kafika. Boti ipo. Imekaa juu ya tope imelala ubavu kama ng'ombe aliyechoka, maji yako mita mia kadhaa mbele. Mzee kakaa juu ya nanga anatafuna mua. Mume wangu akamuuliza mbona hujaishusha? Mzee akajibu bila haraka, "Mwanangu, leo bamvua. Saa hizi hapa ni uwanja wa mpira. Njooni saa nane mchana maji yanaingia, tunaingia nayo mtoni." Alafu akanigeukia mimi, maana jioni ile nilijisifu kwake kwamba baba yangu alikuwa mvuvi, akasema, "Na wewe binti wa Tongoni, hukumwambia mumeo?"

Mhariri sikuwa na jibu. Baba yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuwa na saa ya mkononi. Alitufundisha tukiwa wadogo kwamba mwezi ukiandama na mwezi ukitimia ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na huku kwetu siku hizo yanajaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mida ya saa nne, asubuhi na usiku, alafu kila siku yanasogea mbele kama dakika hamsini hivi, na mwezi ukiwa nusu ndio maji mafu, hayajai sana hayakupwi sana na saa zake zinakuwa kinyume. Hayo tu. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuyashika, mimi niliyashika, alafu nikahamia mjini nikanunua friji na nikayasahau. Saa nane hatukuweza kusubiri, ile njia ya kurudi sio ya kukimbizana nayo, na usiku ndani ya hifadhi hairuhusiwi kutembea na gari, ukikutwa na giza kabla ya geti ni matatizo yako. Tukaondoka saa sita bila kuona Wami. Mzee tulimlipa nusu, alikataa, tukamuwekea kwenye kofia.

Na kukosa boti ni hasara ndogo. Kuna watu wanatembea na watoto bahari ikiwa imekupwa, wanaenda mbaaali kuokota chaza na kupiga picha, hawajui saa ya kurudi kwa maji, na mwambao ulio bapa kama ule maji yakirudi hayaji kwa wimbi ukaliona, yanakuja kupitia kwenye vijito vya pembeni, unageuka unakuta nyuma yako ushazungukwa. Bamvua huku kwetu tofauti ya kujaa na kupwa inafika kama mita tatu na zaidi, hiyo ni dari ya nyumba sio kina cha beseni. Na pale penye maji machache ya vuguvugu ndipo samaki aitwaye taa anapolala amejifukia mchanga, mwenye mwiba mkiani, kwahiyo watoto wafundishwe kuburuza miguu wakitembea majini, wasinyanyue na kukanyaga, ukiburuza anasikia anaondoka zake. Akishakuchoma, mguu uingie kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, sumu yake haipendi joto, huku mnajipanga kwenda hospitali, na hospitali ya wilaya ni Pangani au Bagamoyo, sio mtaa wa pili. Mwenye presha, mwenye sukari, mwenye pumu abebe dawa za siku mbili za ziada juu ya zile za safari. Mama mkwe alibeba za siku tatu kamili, namshukuru Mungu gari halikuharibika.

Gari lenyewe, haya harakaharaka: usiende masika, machi mpaka mei ule udongo mweusi wa mbugani ukilowa hauna four wheel wala nini, unashika tairi kama uji wa muhogo. Nenda kuanzia juni. Jaza mafuta kabisa kabla ya kuvuka Pangani, spea mbili kama unazo, koleo, kamba ya kuvutia, jeki ambayo umeijaribu nyumbani. Malipo ya hifadhi ni kwa kontrol namba au kadi, keshi hawapokei, kamilisha ukiwa mjini penye mtandao, na kila mtu mzima awe na kitambulisho chake. Upepo na mawimbi, TMA (wale wa hali ya hewa) wanatoa utabiri wa bahari, sikiliza kabla hujaweka hela kwenye boti, hasa kipindi cha kusi, ule upepo wa kutoka kusini.

Na mkiwa pale mpite kijijini na watoto muwaonyeshe. Sisi hatukupita na tulikuwa na muda wote ule jumapili asubuhi tumenuna. Saadani ile ndio ya Bwana Heri aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889, mji ulikuwa mkubwa, misafara ya kutoka bara ilikuwa inashukia pale na Bagamoyo ikawa inaona wivu. Leo watoto wangu wanaijua Saadani kama mahali ngedere walipokula machungwa.

Sasa ombi langu, Mhariri. Gazeti lako ninalinunua kila siku karibu miaka kumi. Lina ratiba ya mechi za Uingereza mpaka za daraja la pili. Lina bei ya dola. Mwezi wa Ramadhani lina saa ya kufuturu kwa kila mkoa. Lakini kutoka Jasini mpaka Msimbati ni mwambao mtupu, watu wanavua, wanalima mwani, wanavuka na ngalawa, wanaokota chaza, na siku hizi wanapeleka watoto kulala ufukweni porini, na hakuna mahali kwenye kurasa zote hizo pameandikwa leo maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi. Majedwali yapo, bandarini wanayo kwa mwaka mzima. Ni mstari mmoja tu, Tanga, Dar, Mtwara, kujaa na kupwa, pembeni ya hali ya hewa. Kama nafasi ni ndogo ondoeni ile nyota, mimi ni Mizani na haijawahi kunitokea hata siku moja ile wanayoandika.

Sisi tunarudi mwezi wa nane. Safari hii nimeanza na kalenda ya mwezi ndio nikaangalia likizo ya watoto, tumechagua siku ambazo maji yanaanza kujaa asubuhi, boti iondoke mapema tuwe tumerudi saa sita. Nahodha nimeshampigia, kauliza saa ngapi, nikamtajia, akakaa kimya kidogo alafu akasema, "Ehee. Sasa ndio umekuja." Shemeji kanunua suruali ya kaki. Machungwa mama mkwe amesema atabeba tu, kwahiyo hilo tumeshindwana.

Mama Mwanaidi,
Ngamiani, Tanga